Ndio Mzee: kwa nini Machozi, Jasho na Damu haizeeki

Najua nimekuwa kimya, lakini mambo ya chuo mnayajua wenyewe: mara testi, mara bumu limechelewa, mara kazi ya kikundi ambayo watu saba wanaandika majina na mmoja ndiye anaandika kazi. Leo nimerudi na hoja. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo aliye na chai aisogeze karibu.

Hoja yenyewe ni hii: albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001, si kumbukumbu ya ujana wa kaka na wajomba zetu. Ni somo ambalo bado hatujalimaliza. Na katika watu wote wanaolihitaji somo hilo, sisi tunaosomea ualimu tunashika namba moja.

Chanzo cha yote ni ubishi wa bwenini. Rumeti wangu ni mtu wa roki, na si roki yoyote tu, ni ile inayoitwa emo. Kwa wasioijua, emo ilizaliwa Washington D.C. katikati ya miaka ya 1980, vijana wa punk walipochoka kupiga kelele juu ya dunia nzima wakaanza kupiga kelele juu ya mioyo yao. Rumeti anaabudu albamu ya Jimmy Eat World iitwayo Bleed American ya mwaka 2001. Anakwambia jamaa hao walikuwa wameachana na kampuni yao kubwa ya muziki, wakajilipia wenyewe kurekodi, na baada ya mashambulizi ya Septemba 11 albamu ikabadilishwa jina kwa sababu lile la kwanza lilisikika vibaya. Siku hiyo akamalizia kwa kuniuliza, "Nyie wa Bongo Fleva mna albamu gani ya kulia namna hii?"

Jamani! Mwaka ule ule wa 2001, mtoto wa Kitanzania aliita albamu yake ya kwanza ya peke yake MACHOZI, JASHO NA DAMU. Unataka emo gani tena?

Tuanze na historia kidogo kwa wadogo zetu. Professor Jay ni Joseph Haule. Zamani alijiita Nigga J, na alikuwa kwenye kundi la Hard Blasters pamoja na Fanani na Big Willy. Hard Blasters ndio waliotoa Funga Kazi, albamu yenye Chemsha Bongo. Baada ya hapo Jay akaingia peke yake studio za Bongo Records kwa prodyuza P-Funk Majani, akatoka na Machozi, Jasho na Damu. Humo ndimo ilimo Ndio Mzee, na ndimo ilimo Bongo Dar es Salaam, ule wimbo wa mji wa ujanja ambao mgeni akiusikia anashika mfuko wake kwa mikono miwili.

Mimi wakati huo sikuwepo duniani. Albamu imenizidi umri! Niliikuta kwa mjomba kwenye kaseti, ile ambayo mkanda ukitoka unaurudisha kwa kalamu ya Bic. Mjomba anasema kabla ya Jay wazee wengi wa mtaani kwao waliona kurap ni uhuni, vijana wenye suruali za kuanguka wanafokafoka Kiingereza cha kuungaunga. Jay alikuja na Kiswahili kilichonyooka, hadithi yenye mwanzo na mwisho, na utani ambao bibi anacheka na mjukuu anacheka. Kwa hiyo redio ilipopiga Ndio Mzee, hakuna mzazi aliyesema zima.

Sasa nije kwenye kiini. Kwa nini haizeeki?

Watu wengi wanasema Ndio Mzee inawasema wanasiasa waongo. Ni kweli, lakini nusu tu. Wimbo una sauti mbili. Kuna mgombea aliyesimama jukwaani anaahidi maajabu, mpaka wanafunzi kupelekwa mwezini kwa masomo ya vitendo. Halafu kuna umati unaomjibu. Kila ahadi, hata iwe ya kichaa kiasi gani, umati unaitikia kwa maneno yale yale mawili ambayo ndiyo jina la wimbo. Hebu toa umati. Unabakiwa na nini? Unabakiwa na mzee mmoja anayeongea peke yake uwanjani, kituko tu. Kinachomfanya awe hatari ni kiitikio.

Ndiyo maana mimi nasema mhusika mkuu wa wimbo ule si mgombea. Ni sisi tunaoitikia. Mwanasiasa atabadilika, chama kitabadilika, ahadi zitabadilika kutoka mabomba kwenda kompyuta, lakini wimbo utabaki na kazi ya kufanya kama bado kuna watu wanaoitikia bila kusikiliza. Nyimbo nyingi za kumsema mtu fulani hufa na mtu huyo. Huu haukumtaja mtu, ulitutaja sisi, na sisi bado tupo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rumeti wangu, na namwambia kwa upendo. Emo yake inakufundisha kulia chumbani, mlango umefungwa, masikioni umeweka spika. Sikatai, kuna siku binadamu anahitaji hivyo, hasa siku matokeo yakitoka. Lakini albamu ya Jay inalia barazani, mbele za watu, na machozi yake hayaachani na jasho. Inakuuliza: hayo maumivu unayosikia ni ya kwako peke yako, au jirani naye anayo? Na kama anayo, mbona mkikutana mkutanoni wote mnasema ndio?

Haya, sasa niwapeleke Kilosa.

Mwaka jana nilikuwa Kilosa kwa mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, wiki nane, Kiswahili na Historia. Shule siitaji. Kilosa ni mji wa reli. Reli ya zamani ya kati inapita pale na sasa treni za SGR za kwenda Dodoma nazo zinapita wilayani. Ukikaa na wenyeji jioni, unagundua lile jina la albamu linaeleweka kule bila mwalimu. Machozi? Watakusimulia mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, watu wakaishi kwenye mahema, reli ikasombwa. Jasho? Shuka upande wa Kidodi na Ruaha uone wakulima wa miwa wanavyokatana na jua. Damu? Desemba 2000, wiki chache tu kabla ya mwaka wa albamu, pale Rudewa Mbuyuni watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sisemi Jay aliimba habari hizo, hapana. Nasema kuna majina ya albamu ambayo mtu wa Kilosa akiyasoma haulizi maana yake.

Darasani nako nilikutana na Ndio Mzee, tena kila siku, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana.

Mnajua ninachosema. Mwalimu anaandika ubaoni, anageuka, anauliza: "Tumeelewaaa?" Darasa zima: "Ndiyooooo!" "Kuna swali?" "Hakunaaa!" Unamchagua mmoja aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, unamwomba aeleze kwa maneno yake. Anasimama, anaangalia viatu vyake. Wenzake nao wanaangalia viatu vyake. Na hawa si watoto wajinga, mtu asinielewe vibaya. Wale wale ukiwakuta nje wakati wa mapumziko wanabishana mpira kwa hoja ambazo lekchara wangu wa mantiki angezipigia makofi. Ila wakivuka mlango wa darasa wanajua kazi yao ni moja: kuitikia. Wamefundishwa tangu chekechea kwamba mtoto mwenye adabu anasema ndiyo, na mwenye swali ni mkorofi.

Sasa niambieni, mtoto aliyeitikia "ndiyo mwalimu" miaka kumi na moja, siku anafika uwanjani kwenye kampeni akiwa na kadi yake ya mpiga kura, ataitikia nini? Tunalaumu umati wa kwenye wimbo, lakini umati ule ulisoma shule. Kuna mwalimu aliuandaa!

Wiki ya tano nilikuwa na kipindi cha tashtiti, kidato cha tatu. Kitabu kilieleza vizuri tu kwamba tashtiti ni kukosoa kwa kutumia kicheko, watoto wakanakili, wakaitikia ndiyo kama kawaida. Kipindi kilichofuata nikaja na simu na kispika kidogo, nikawapigia Ndio Mzee. Mwanzoni walicheka biti, wakasema ya kizamani. Kisha ahadi zikaanza kumwagika, kicheko kikabadilika. Nikawaambia: umati ukiitikia, nanyi itikieni. Wakaitikia kwa raha zote. Tulipofika ahadi ya mwezini, msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyamaza, akanyoosha mkono. "Madam, mbona na sisi tunaitikia?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza nililoulizwa darasa lile ambalo halikuhusu "tunakili na hiyo?"

Tukaacha kitabu, tukakaa kwenye swali hilo kipindi kizima. Mmoja akasema tunaitikia kwa sababu ni kiitikio, kinanoga. Mwingine akasema mtu akinyamaza peke yake ataonekana. Wa tatu akasema labda watu wa kwenye wimbo walijua ni uongo ila walipewa fulana. Wewe! Nilitaka kuwapa wote alama mia. Ndipo kijana mmoja akauliza, "Kwani huyu si ndiye alikuwa mbunge wa Mikumi?"

Ndiye. Na hapo albamu inapata mkia ambao hakuna mtunzi angeweza kuupanga.

Jimbo la Mikumi liko ndani ya wilaya hii hii ya Kilosa. Oktoba 2015 Joseph Haule aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda, akakaa bungeni mpaka 2020 alipoangushwa na mgombea wa CCM. Hakuwa msanii wa kwanza. Sugu alishamtangulia kwa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Mwana FA akafuata kwa Muheza mwaka 2020 kupitia CCM. Lakini hao wengine hawakuwa na mzigo wa Jay. Fikiria: mtu aliyeifundisha nchi nzima kucheka ahadi za jukwaani, miaka kumi na nne baadaye anapanda jukwaani mwenyewe kuomba kura!

Jumamosi moja nilipanda gari ya Mikumi kwa njia ya Ulaya. (Ndiyo, Kilosa tuna Ulaya yetu, nimefika bila viza.) Mikumi mjini ni pale malori ya Zambia yanapopumzika, na anayekwenda Ifakara anaiacha barabara kuu. Nikamuuliza dereva wa bodaboda alionaje miaka ile mitano. Akacheka, akasema, "Mwalimu, yule alitufundisha tusiwaamini, halafu akaja kutuomba tumwamini." Mwenzake akamkatalia: Jay alikuwa upinzani, mbunge wa upinzani unamdai barabara kama nani? Yule wa kwanza akajibu kwamba kura haikuwa na alama ya upinzani, ilikuwa na jina lake. Wakabishana mpaka abiria wangu mmoja, yaani mimi, nikatafuta boda nyingine.

Mimi sitoi hukumu ya ubunge wake, wenye jimbo wapo. Ninachosema ni kwamba ubishi ule wa kijiweni ndio ushindi mkubwa wa albamu. Walimpima Jay kwa rula ya Jay. Msanii wa kawaida anakupa wimbo wa kumpenda yeye. Huyu aliwapa watu chombo cha kumhoji mtu yeyote anayesimama juu ya jukwaa, na alipopanda yeye, chombo hakikukataa kufanya kazi. Tuwe wakweli, ni vitabu vingapi tulivyosoma vina nguvu hiyo?

Halafu ukaja mwaka 2022. Jay aliugua sana, akalazwa Muhimbili, na siku 127 zilikuwa za chumba cha wagonjwa mahututi. Serikali ilibeba gharama za matibabu, na watu wa vyama vyote walimwombea. Alipopata nafuu alitoa wimbo uitwao Siku 462 mwaka 2023, na akaanzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Rumeti nilipomsimulia hili alikaa kimya kidogo, kwanza yeye aliyezoea nyimbo za vitanda vya hospitali. Kijana wa 2001 alipochagua neno damu kwa ajili ya jalada, hakujua kwamba siku moja lingekuwa la kwake hivyo. Ukiisikiliza albamu leo, sauti ile ya ujana inakugusa pasipotarajiwa.

Najua wapo watakaonipinga, na karibuni. Wa kwanza atasema muziki ni wa kustarehe, mambo ya kufikiri tuyaache darasani. Namjibu: darasani ndiko tunakoitikia, sasa tufikirie wapi? Wa pili atasema biti zimepitwa na wakati. Kweli, ngoma za P-Funk za enzi zile hazifanani na za leo. Lakini wanafunzi wangu waliocheka biti ndio hao hao walioacha kucheka katikati. Wa tatu, na huyu namheshimu, atasema wimbo haujabadilisha kitu, tangu 2001 tumepiga kura mara kadhaa na majukwaa ni yale yale. Ni kweli wimbo haujengi daraja. Ila kumbuka tena nani mhusika mkuu. Kama umati ndio tatizo, basi wimbo hauwezi kumaliza kazi, unaweza tu kuianzisha, na wa kuiendeleza ni yule anayekaa na watoto arobaini mpaka sabini kila asubuhi akiwa na chaki mkononi. Yaani wewe mdau wa mwaka wa tatu unayesoma hapa huku unadesa!

Tunatoka hapa miezi michache ijayo. Wengine ajira zitatupeleka Kilosa, wengine Kigoma, wengine mtaani kusubiri. Popote tutakapopata darasa, tuna uchaguzi mmoja mdogo ambao haumsubiri mkaguzi wala mtaala mpya. Tunaweza kuuliza "mmeelewa?" tukapokea ndiyo yetu tamu, tukafunga daftari tukaenda kunywa chai. Au tunaweza kuuliza, "nani hakubaliani na nilichosema, na kwa nini?" kisha tuvumilie ule ukimya mrefu wa wiki za mwanzo, kwa sababu ni mrefu kweli, mpaka mkono wa dawati la nyuma unyooke. Mwanafunzi anayeweza kumwambia mwalimu "hapana, madam" kwa adabu na kwa sababu, huyo hata akipelekewa fulana atauliza kwanza.

Rumeti sasa ameingiza Ndio Mzee kwenye simu yake, katikati ya magitaa yake ya majonzi. Anasema bado Bleed American ni kubwa zaidi. Nikamwuliza kwa nini, akaanza kutoa sababu moja baada ya nyingine mpaka tukachelewa lekcha. Safi sana. Angesema "ndio mzee" ningesikitika.

Naomba kuwasilisha. Mnaopinga, uwanja ni wenu, ila njooni na sababu. Tupo pamoja!